Seyyid Barghash na Merikebu Zake

Mtoto wa Shasha hana haja ya kuambiwa chombo cha majini ni kitu gani. Tangu utoto wake anaona mitumbwi ya wavuvi juu ya ziwa Kivu, na mara kwa mara anasikia mashine ya chombo kikubwa ikinguruma mbali, kikichukua watu na mizigo. Lakini pengine hajasikia habari za mfalme mmoja wa Afrika aliyependa sana merikebu, akazinunua kwa mali nyingi, na mwisho akaona kwamba haziwezi kumwokoa. Mfalme huyo aliitwa Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja.

Unguja ni kisiwa katika Bahari ya Hindi, mbali sana na Masisi, upande wa mashariki. Hata hivyo habari zake si ngeni kwa watu wa Kongo. Lugha ya Kiswahili yenyewe ilifika Kongo pamoja na misafara iliyotoka pwani, mkabala wa Unguja. Misafara ile ilileta vitambaa, shanga na bunduki. Ikarudi na pembe za ndovu, na mara nyingi ikarudi na watu waliofungwa shingoni kama mbuzi wa soko.

Barghash alizaliwa karibu na mwaka 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na wa Unguja, yule aliyehamia Unguja na kuamuru karafuu zipandwe kila mahali. Mama yake alikuwa suria, mwanamke wa Kihabeshi. Seyyid Said alikuwa na wake na masuria wengi, na watoto wengi. Penye watoto wengi wa mfalme hapakosi ugomvi, na ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1856 Seyyid Said alikuwa akirudi kutoka Oman katika merikebu yake iliyoitwa Victoria, na Barghash alikuwa pamoja naye. Njiani mzee aliugua, na tarehe 19 Oktoba akafa, merikebu ikiwa bado baharini karibu na visiwa vya Seychelles. Barghash hakukubali mwili wa baba yake utupwe majini. Aliutia katika sanduku, akauleta mpaka Unguja, akashuka usiku na kumzika kwa siri. Tena kulikuwa na sababu nyingine ya siri ile: alitaka kuushika ufalme kabla mji haujaamka. Lakini askari hawakumfuata, na kulipokucha ndugu yake Majid akawa Sultani.

Barghash hakutulia. Mwaka 1859 alikusanya watu wake ili amwondoe Majid. Katika shauri lile alisaidiwa na dada yake mdogo Salme, binti wa miaka kumi na mitano hivi. Salme alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, maana siku zile wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma tu. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeandika barua za waasi. Barghash na watu wake wakajifungia katika shamba moja lenye nyumba imara, lakini Majid aliwaomba Waingereza msaada, nao wakatoa askari wa baharini na mizinga. Vita vile havikukaa. Barghash alishindwa, akakamatwa, akapakiwa merikebuni pamoja na ndugu yake mdogo Abdul Aziz, akapelekwa Bombay, katika Bara Hindi.

Alikaa Bombay kama miaka miwili. Adhabu ile ilimpa elimu ambayo asingeipata Unguja. Aliona mji mkubwa wenye barabara pana, na gari la moshi likipita juu ya reli. Bandarini aliona merikebu za moshi zikiingia na kutoka siku yoyote, bila kungoja upepo.

Jambo hili la upepo yafaa lielezwe, kwa sababu anayekaa kando ya ziwa Kivu hawezi kulijua vizuri. Katika Bahari ya Hindi pepo zina majira yake. Kuanzia Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi, na majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi huja Afrika nayo. Halafu kusi huanza, na vyombo hurudi vilikotoka. Nahodha aliyechelewa alikaa Unguja miezi mingi akila faida yake, maana kushindana na bahari hakuwezekani. Hivyo ndivyo watu walivyosafiri kwa muda wa miaka elfu na zaidi.

Merikebu ya moshi iliivunja sheria hiyo. Chini, katika tumbo la merikebu, kuna pipa kubwa la chuma lililojaa maji, na chini yake moto wa makaa ya mawe. Maji yakichemka hutoa mvuke. Kila aliyeona kifuniko cha chungu kikirukaruka juu ya mafiga anajua kwamba mvuke una nguvu. Mvuke huo hupelekwa kwa bomba mpaka ndani ya mtungi wa chuma wenye kizibo kinene. Unasukuma kizibo upande huu, kisha upande huu, na kizibo kinasukuma mtaimbo, na mtaimbo unazungusha mhimili mrefu unaotokea nyuma ya merikebu. Mwisho wa mhimili kuna makasia ya chuma yaliyopindwa kama mabawa, nayo yakizunguka hukata maji na kuisukuma merikebu mbele. Kaskazi ivume au kusi ivume, merikebu inakwenda. Lakini inakula makaa usiku na mchana, na makaa yale hayakupatikana Unguja. Yalitoka mbali, kwa fedha nyingi.

Barghash alirudi Unguja, akakaa kimya. Majid alipokufa, mwezi wa Oktoba mwaka 1870, yeye akawa Sultani.

Hakupata hata miaka miwili ya raha. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, tufani ambayo wazee hawakuwa wameona mfano wake. Mikarafuu iling'olewa, minazi ikalala chini kama majani yaliyofyekwa, nyumba zikabomoka. Bandarini majahazi yaligongana na kuzama, na karibu merikebu zote za Sultani zikavunjika pwani mbele ya jumba lake. Kisiwa cha Pemba kiliokoka kwa sehemu kubwa, na karafuu za Pemba ndizo zilizozuia njaa ya hazina. Lakini Barghash sasa alikuwa mfalme wa kisiwa asiye na merikebu, nayo ni hatari kubwa.

Katika udhaifu huo Waingereza walimjia na neno zito. Walitaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Kila mwaka maelfu ya watu walivushwa bahari mpaka Unguja, wakauzwa sokoni Mkunazini. Wengi walitoka nchi za maziwa makubwa, na wengine walikufa njiani kabla hawajaiona bahari. Barghash alikataa. Matajiri wa Unguja waliishi kwa kazi ya watumwa, na hazina yake ilipokea ushuru kwa kila kichwa kilichoingia. Mjumbe mkubwa Sir Bartle Frere alikuja akaondoka bila kupata kitu. Ndipo balozi John Kirk alipomwambia Sultani kwamba merikebu za vita za Kiingereza zitaziba njia zote za kisiwa, asitoke mtu wala asiingie mtu. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia sahihi. Soko likafungwa siku ile ile, na mahali pake Waanglikana wakajenga kanisa ambalo lipo hata leo.

Wako wanaomsifu Barghash kana kwamba aliwahurumia watumwa. Haikuwa hivyo; alilazimishwa. Lakini akiisha kutoa ahadi aliishika. Mwaka 1876 alikataza pia misafara ya watumwa iliyokwenda kwa miguu kandokando ya pwani, ingawa watu wake mwenyewe walimchukia kwa sababu hiyo. Na katika bara, mbali na macho yake, bunduki za wafanya biashara ziliendelea kuchoma vijiji vya Maniema na nchi za jirani kwa miaka mingine mingi.

Mwaka 1875 Barghash alialikwa Uingereza. Alionana na Malkia Victoria, akatembezwa London, Birmingham, Manchester na Liverpool. Katika miji ile aliona viwanda vya pamba na vya chuma, na bandari zenye merikebu nyingi zisizohesabika. Akapita Paris pia. Aliporudi nyumbani hakuwa mtu yule yule. Aliyoyaona Bombay akiwa mfungwa, sasa aliyaona tena akiwa mgeni wa wafalme, naye alitaka yawe yake.

Basi akaanza kununua. Merikebu iliyojulikana kuliko zote ni Glasgow. Sultani alikuwa ameipenda merikebu moja ya vita ya Waingereza yenye jina hilo, akataka mfano wake. Ilijengwa na kampuni ya Denny katika mji wa Dumbarton, nchi ya Scotland, ikamalizika mwaka 1878. Mifupa yake ilikuwa ya chuma, na ngozi yake mbao za msaji. Ilikuwa na milingoti mitatu ya tanga pamoja na mashine ya mvuke, kwa hiyo iliweza kwenda kwa upepo na kwa moto. Ilichukua mizinga saba midogo, na bunduki moja ya mitutu mingi ambayo Malkia Victoria alimpa Sultani zawadi. Ndani ilikuwa na vyumba vya fahari kwa ajili ya Sultani na jamaa zake.

Lakini ilikuwa merikebu ya anasa. Haikuchukua karafuu wala haikupigana vita. Inasemekana Sultani mwenyewe alipoiona hakupendezwa nayo kama alivyotumaini. Ikatia nanga mbele ya mji, ikakaa. Miaka ikapita, nayo ikakaa. Watu wa Unguja waliizoea kama wanavyozoea mnara wa msikiti.

Merikebu zake za biashara zilikuwa na faida zaidi, ingawa hazikuwa na uzuri ule. Nyingine zilinunuliwa zikiwa kuukuu, zimekwisha kutumika miaka mingi na makampuni ya Ulaya. Moja iliitwa Nyanza, nyingine Malacca. Zilikwenda Bombay na karafuu na pembe, zikarudi na mchele na vitambaa, zikashindana na merikebu za kampuni ya Kiingereza, na nauli za mizigo zikashuka. Hata mfanya biashara mdogo aliweza sasa kupeleka gunia zake ng'ambo. Mwenye kutaka kumpima Barghash na ampime kwa hizi, si kwa ile Glasgow.

Mjini alifanya mengine. Alileta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi iliyo nje ya mji, na watu wakayateka bure. Kabla ya hapo walikunywa maji ya visima vichafu, na kipindupindu kiliwaua kwa maelfu. Kama angefanya hilo peke yake lingetosha kumpa jina. Alileta mashine ya kufanya barafu, jambo la ajabu katika nchi ya joto. Alitengeneza reli ndogo kutoka mjini hadi jumba lake la Chukwani. Kwanza mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadaye na gari dogo la moshi. Alijenga jumba la Marahubi kwa ajili ya masuria wake. Na mwaka 1883 alimaliza jumba refu kuliko yote, lenye nguzo za chuma na roshani pana zinazotazama bahari. Watu walipoliona walilipa jina Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu.

Akiwa bado anayapamba majumba yake, mtego ulikuwa unategwa bara. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani mmoja, Carl Peters, alipita katika nchi za bara nyuma ya Bagamoyo akiwatia machifu wino katika karatasi wasizoweza kusoma. Mwezi wa Februari mwaka 1885 mfalme wa Wadachi, ndio Wajerumani, alitangaza kwamba nchi zile ziko chini ya ulinzi wake. Barghash akapinga kwa barua na kwa wajumbe. Jibu lilikuja mwezi wa Agosti: merikebu tano za vita zilitia nanga mbele ya jumba lake na kuelekeza mizinga kwake. Glasgow pamoja na mizinga yake midogo ilikuwa kama kitu cha kuchezea mbele ya zile. Barghash aliwatazama Waingereza, waliokuwa wakijiita rafiki zake. Nao wakamshauri akubali. Akakubali.

Siku hizo hizo alikuja mtu mwingine katika merikebu ya Wadachi. Ni Salme, dada yake, yule aliyemwandikia barua za uasi. Alikuwa ametoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa huko Aden, akaolewa na mfanya biashara wa Kijerumani na kupewa jina la Emily Ruete. Mumewe alikufa mapema, akabaki na watoto watatu katika nchi ya baridi. Sasa alikuja kuomba urithi wake na kupatana na ndugu yake. Watu wa mji walimlaki kwa furaha njiani. Barghash hakukubali kumwona. Machoni pake alikuwa ameiacha dini na ukoo, tena amekuja chini ya kivuli cha mizinga ya adui. Labda alikuwa na haki kukasirika. Lakini mtu aliyewahi kuhatarisha maisha yake kwa ajili yako hafukuzwi mlangoni bila hata salamu. Salme akarudi Ulaya mikono mitupu.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliketi na ramani wakagawana bara. Sultani waliachia visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu. Tippu Tip, mkubwa wa wafanya biashara wa Maniema, alipofika Unguja na pembe zake, alitumaini kusikia kwamba Sultani ataitetea nchi ya bara. Barghash alimwambia wazi kwamba hana nguvu tena. Tippu Tip alitoka kwake akijua kwamba mambo yamekwisha. Mwaka 1887 akapanda merikebu moja pamoja na Stanley, wakazunguka Afrika yote kwa upande wa kusini, wakafika mdomo wa mto Kongo, naye akawa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya mfalme wa Ubelgiji.

Barghash alikuwa mgonjwa. Mwanzoni mwa mwaka 1888 alisafiri mpaka Oman, nchi ya baba zake, akitafuta afya katika chemchemi za maji ya moto. Hakupona. Alipoona kifo kinakaribia aliamuru arudishwe. Alifika Unguja tarehe 26 Machi, akachukuliwa mpaka nyumbani, na kabla hakujapambazuka akafa. Umri wake ulikuwa kama miaka hamsini. Baba yake alikufa baharini bila kuufikia mji wake. Mtoto aliuwahi kwa saa chache.

Glasgow ilibaki bandarini, imetia nanga mahali pake. Miaka minane baadaye, Agosti 1896, Khalid, mtoto wa Barghash, aliingia katika jumba la kifalme na kujitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza. Wakampa muda mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipokwisha, merikebu zao zikaanza kupiga. Ndipo Glasgow, merikebu iliyojengwa kwa starehe, ilipopiga mizinga yake kwa mara ya kwanza katika vita, ikiielekea merikebu kubwa ya chuma iliyoitwa St George. Ikajibiwa. Ikatobolewa chini ya maji, ikaanza kuzama, na mabaharia wake wakapandisha bendera ya kuomba amani. Waingereza wakawatoa kwa mashua. Vita vyote havikufika saa moja. Watu kama mia tano wa upande wa Khalid walikufa au kujeruhiwa, na Khalid akakimbilia kwa Wajerumani.

Maji ya bandari hayakuwa marefu, kwa hiyo milingoti mitatu ya Glasgow ilibaki imesimama juu ya bahari, na ndege wakatua juu yake. Ilisimama hivyo mpaka mwaka 1912, mabaki yalipovunjwa na kuondolewa kwa sababu yalizuia vyombo. Vipande vichache vimebaki chini ya mchanga.

Jumba la Maajabu halikubomolewa na mizinga ile. Lilitumika kwa ofisi za serikali, na baadaye sana likafanywa nyumba ya makumbusho. Humo wageni walionyeshwa mambo ya kale ya Unguja na ya pwani. Lakini chombo kikubwa kilichowekwa katikati ya jumba hakikuwa na mashine hata kidogo. Kilikuwa mtepe, chombo cha Waswahili wa zamani, ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake ni mkeka. Mitepe ya kweli ilikwisha baharini zamani, basi mwaka 2003 mafundi walijenga huu kwa kufuata ule mfano wa kale, mshono kwa mshono.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya jumba ilianguka pamoja na mnara wake wa saa. Watu wawili walikufa.